Shavu la mtoto linafura, linanywea, linafura tena? Usitume pesa ya kemisti mara ya tatu

Simu huja jioni, ukiwa ndani ya matatu ama ukikoroga ugali. Ni dada yako, ama shangazi, ama mama mwenyewe kutoka ushago. "Mtoto amefura shavu. Tuma mia tano tumnunulie dawa." Unatuma. Wiki moja baadaye unaambiwa shavu limenywea, mtoto ameenda shule. Mwezi ukikatika simu inarudi: limefura tena, palepale. Unatuma tena.

Ukiwa kijana wa mjini na M-Pesa yako ina chochote ndani, wewe tayari ni daktari wa familia, upende usipende. Nauli inatoka kwako, kwa hivyo uamuzi wa kemisti ama hospitali pia unatoka kwako. Ndiyo maana makala haya ni yako hata kama huna mtoto.

Wacha niseme mapema: mimi si daktari. Chuo chenyewe niliacha njiani, na sikuwa nasomea udaktari. Lakini kusoma sikuacha, na kuna ugonjwa mmoja ambao kadiri nilivyousoma ndivyo nilivyoona jinsi mazoea yetu ya kawaida kabisa yanavyoupa mahali pa kujificha.

Mara nyingi hilo shavu ni jino tu. Limeoza, usaha umejikusanya, daktari wa meno analing'oa ama anaziba, mambo yanaisha. Ila kuna mara chache ambapo uvimbe unaorudirudi ni aktinomaikosisi. Jina refu, najua. Ni ugonjwa nadra, na hata kati ya wachache wanaoupata, watoto ni sehemu ndogo. Wagonjwa wengi ni watu wazima. Dawa yake imekuwa ikitumika tangu nyanya zetu wakiwa wasichana, na si ghali. Kutibika unatibika. Kutambulika ndiyo noma, na moja ya vitu vinavyouficha ni ile dozi ya siku tano tunayoitumia pesa kila mwezi.

Kikulacho kimo mdomoni

Bakteria wanaoleta ugonjwa huu hawatoki kwa maji machafu wala kwa mbu. Wanaishi ndani yetu. Wako mdomoni, kwenye ufizi na uchafu unaoganda kwenye meno, na wengine kwenye utumbo. Wewe unayesoma hapa unao, na mtoto anao pia. Kwa kawaida hawana neno na mtu, kwa sababu hawapendi oksijeni, na nyama yenye afya imejaa damu inayobeba oksijeni.

Shida huanza wakipata njia ya kuingia ndani. Njia yenyewe inaweza kuwa jino lililotoboka, jino lililong'olewa, kidonda cha ufizi, ama mtoto kuanguka na kupasua taya. Nyama ikiumia, damu haifiki vizuri, oksijeni inapungua, na bakteria wengine waliomo wanaimaliza kabisa. Hapo mpangaji aliyekuwa mpole anajitangaza mwenye nyumba. Haji mbio. Anaweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi, kabla hamjaona kitu, na kufikia wakati huo kila mtu ameshasahau lile jino.

Jina la ugonjwa lina stori yake. Mwaka wa 1877 huko Munich, Ujerumani, mtaalamu wa patholojia Otto Bollinger alikuwa anachunguza ng'ombe waliovimba taya. Mtaalamu wa mimea Carl Harz alipoangalia sampuli hizo kwa darubini, aliona nyuzi zilizojipanga kama miale ya jua. Akadhani ni kuvu, akatunga jina kutoka Kigiriki lenye maana ya kuvu wa miale. Mwaka uliofuata, 1878, daktari wa upasuaji wa Berlin, James Israel, alieleza ugonjwa wa aina hiyo kwa binadamu. Mwaka wa 1891 yeye na Max Wolff walifaulu kumwotesha kiumbe huyo mahali pasipo na oksijeni. Baadaye ilibainika kwamba hakuwa kuvu hata kidogo, ni bakteria. Lakini jina lilikuwa limeshashika, na bakteria anayeongoza kuleta ugonjwa huu kwa watu anaitwa Actinomyces israelii hadi leo, kwa ajili ya daktari huyo.

Stori hiyo ina faida kwetu. Ukisikia mtu akisema ni ugonjwa wa kuvu, jua ni jina limemdanganya. Dawa za kuvu haziusaidii. Pia hauambukizwi kwa kukaa pamoja. Mtoto haupitishi kwa wenzake darasani, hakuna haja ya kumtengea kikombe wala kumlaza kando. Na ingawa ng'ombe wanapata ugonjwa wa ukoo huohuo kwenye taya, mtoto haupati kwa kukaa karibu na ng'ombe wa babu.

Unavyojitokeza

Zaidi ya nusu ya wagonjwa huupata kwenye taya, uso na shingo. Uvimbe huanza karibu na kona ya taya ama chini yake. Ukiugusa ni mgumu kama ubao, tofauti na jipu la kawaida lililo laini na lenye joto. Mara nyingi hauumi sana. Homa inaweza kuwa ndogo ama isiwepo. Mtoto anacheza, anakula, kwa hivyo nyumbani hakuna anayeshtuka.

Polepole ngozi ya juu inageuka rangi, inakuwa kama ya zambarau ama nyeusi zaidi ya ngozi yake ya kawaida. Halafu inatoboka. Usaha unatoka, tundu linajifunga, mnashukuru Mungu, na baada ya muda lingine linafunguka hapo kando. Wakati mwingine ndani ya usaha huo kuna chembechembe ndogo za njano, kama mchanga. Madaktari wanaziita chembe za salfa, ingawa hazina salfa. Ni kwa sababu ya rangi. Kila chembe ni kijiji cha bakteria waliofungamana. Mkiziona, msizifute na kuzitupa tu. Mwambieni daktari, kwa sababu hilo ni fununu kubwa.

Jambo lingine linalouumbua ugonjwa huu ni kwamba hauheshimu mipaka. Maambukizi mengi hufuata njia za asili za mwili. Huu unapita moja kwa moja kutoka ngozi hadi msuli, kutoka msuli hadi mfupa. Ukiingia kwenye misuli ya kutafuna, mtoto anashindwa kufungua mdomo vizuri. Ukifika kwenye mfupa wa taya, matibabu yanakuwa marefu zaidi.

Unaweza pia kutokea kifuani, pale mate yenye bakteria yanapoteleza kuingia kwenye mapafu. Mtoto anakohoa kwa miezi, anakonda, ana homa za hapa na pale, na wakati mwingine uvimbe unatokea kwenye ukuta wa kifua, katikati ya mbavu. Na unaweza kutokea tumboni, hasa baada ya kidole tumbo kupasuka. Mtoto alifanyiwa upasuaji, akapona, halafu miezi mingi baadaye kunakuwa na donge gumu tumboni ama tundu kwenye ngozi linalokataa kufunga.

Watoto wengi wanaoupata walikuwa na afya nzuri kabla. Lakini kama mtoto ana historia ya maambukizi mazito yanayorudi kila mara, daktari anaweza kutaka kuchunguza kinga yake ya mwili, kwa sababu kuna magonjwa ya kuzaliwa nayo yanayodhoofisha chembe nyeupe za damu.

Wanaofanana nao

Hapa ndipo mambo yanakuwa magumu kwa daktari wa Kenya. Uvimbe wa taya kwa mtoto una maelezo mengi, na karibu yote hutokea mara nyingi zaidi kuliko aktinomaikosisi.

Kuna jipu la jino, ambalo huja kwa siku chache, lina maumivu makali na joto. Kuna matubwitubwi, ambayo hufura mbele ya masikio, mara nyingi pande zote mbili, na huisha yenyewe. Kuna TB ya tezi za shingoni. Kenya ina mzigo mkubwa wa TB, kwa hivyo daktari akiona uvimbe wa shingo usiokwisha na tundu linalotoa usaha, ni haki yake kuifikiria TB kwanza. Hata kifuani ni hivyo: picha ya eksirei ya aktinomaikosisi na ya TB zinaweza kufanana mno.

Halafu kuna saratani ya Burkitt. Hii kila kijana wa Kisumu, Busia, Siaya ama Kilifi anafaa kuijua. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliieleza mwaka wa 1958 baada ya kuona watoto wa Uganda waliovimba taya. Hutokea zaidi sehemu zenye malaria nyingi, kama eneo la Ziwa Victoria na Pwani. Tofauti yake kubwa ni kasi. Burkitt inakua haraka ajabu, unaweza kuona mabadiliko ndani ya siku chache, na meno yanaanza kulegea. Inatibika ikiwahiwa, lakini haisubiri.

Kwa hivyo sielezi haya yote ili ukae nyumbani ukipima kama uvimbe ni wa haraka ama wa polepole. Kwa macho huwezi kuwa na uhakika, na daktari pia hawezi. Ninachosema ni kwamba uvimbe wa taya ama shingo uliopita wiki mbili, ama uliorudi baada ya dawa, umeshavuka uwezo wa kemisti. Mtoto anahitaji hospitali. Na akishindwa kupumua ama kumeza, ama sehemu ya chini ya taya ikifura kwa kasi, hiyo ni ya usiku huohuo, msingoje kupambazuke.

Kwa nini vipimo vinaukosa

Sasa turudi kwa ile mia tano. Dawa inayouzwa zaidi kwa shavu lililofura ni amoksilini. Na hapa ndipo mtego ulipo: amoksilini inamuua bakteria huyu. Ukimpa mtoto siku tano, wale walio pembeni wanakufa, uvimbe unanywea, kila mtu anaridhika. Lakini bakteria hawa hujijengea ngome. Mwili unapopambana nao unazungusha nyama ngumu kama kovu, ambayo mishipa ya damu ni michache. Dawa hubebwa na damu. Damu isipofika, dawa haifiki. Walio katikati ya ngome wanangoja dozi iishe, kisha wanaanza upya.

Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili ni kwamba mkienda hospitali sasa, maabara inaweza kukosa kuona kitu. Bakteria huyu ni mgumu kuoteshwa hata katika hali nzuri: anataka chombo kisicho na oksijeni, na anataka muda, wiki mbili hadi tatu. Vipimo vingi vya kuotesha bakteria hufungwa baada ya siku chache na kuandikwa kwamba hakuna kilichoota. Ukiongeza dawa zilizomezwa wiki iliyopita, uwezekano wa kumpata unashuka zaidi. Hata pasipo hizo, sampuli nyingi za wagonjwa halisi haziotei chochote.

Ndiyo maana majibu ya "hakuna bakteria" si mwisho wa safari. Njia inayosaidia sana ni kuchukua kipande kidogo cha nyama, yaani biopsi, ama kuvuta usaha kutoka ndani kwa sindano. Kupangusa juu ya kidonda kwa pamba hakutoshi, kwa sababu hapo juu kuna bakteria wa kila aina, na oksijeni imeshafanya kazi yake.

Kuna kitu kidogo ambacho familia nyingi hazijui, na kinaweza kuokoa mwezi mzima. Sampuli inafaa kugawanywa mara mbili. Chombo kimoja kinawekwa fomalini na kwenda kwa mtaalamu wa patholojia, anayeangalia nyama kwa darubini akitafuta zile chembe na nyuzi zenye matawi. Chombo cha pili hakiwekwi fomalini, kwa sababu fomalini inaua kila kitu. Hicho kinakimbizwa maabara ya kuotesha bakteria. Kama yote itatiwa fomalini, nafasi ya kuotesha imepotea, na mtoto atalazimika kutobolewa tena.

Na daktari anapojaza fomu, ni muhimu aandike kwamba anashuku aktinomaikosisi. Mtu wa maabara akijua, ataweka sampuli mahali pasipo na oksijeni na hataitupa siku ya tano. Atapaka rangi zinazomtofautisha huyu na bakteria wa TB, na pia na binamu yake anayeitwa Nokadia, ambaye hufanana naye kwa darubini lakini hutibiwa kwa dawa tofauti. Hospitali kubwa zenye mashine za kusoma chembe za urithi za bakteria zinaweza kumtambua hata asipoota.

Akikubali kuota, Actinomyces israelii huwa na kituko chake. Makundi yake kwenye sahani ya maabara hukua yakiwa na umbo la gego. Jino. Kana kwamba anakuonyesha alikopitia.

Picha nazo zina kazi yake. Eksirei, skani ya CT ama MRI huonyesha ugonjwa umeenea hadi wapi na kama mfupa umeguswa. Lakini picha peke yake haiwezi kukuambia ni nini. Neno la mwisho liko kwa sampuli.

Najua kusikia "tutamkata kidogo tupime" kunamtisha mzazi. Kuna imani mtaani kwamba uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa. Lakini biopsi ya mtoto hufanywa akiwa amepewa dawa ya usingizi ama ganzi, na bila hiyo daktari anabaki kubahatisha kati ya TB, saratani na bakteria, vitu vitatu vyenye matibabu tofauti kabisa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hapa walilenga ndipo.

Dawa ya zamani, muda mrefu

Kabla ya penisilini ugonjwa huu ulitesa watu sana. Alexander Fleming aliigundua penisilini mwaka wa 1928, na ilipoanza kutumika kwa wingi miaka ya 1940, mambo yalibadilika. Cha kushangaza ni kwamba miaka yote hii bakteria huyu hajajifunza kuikwepa. Wakati bakteria wengine wanazidi kuwa sugu, huyu bado anauawa na dawa ya zamani kabisa.

Kwa mtoto aliyeathirika sana, kawaida huanza kwa kulazwa na kupewa penisilini kwa dozi kubwa kupitia mshipa, kwa wiki mbili hadi sita. Manesi wetu wengi wanaiita X-pen. Kuna madaktari wanaotumia seftriaksoni, ambayo inaweza kupewa mara moja kwa siku. Baada ya hapo anaendelea na dawa ya kumeza, penisilini ama amoksilini, kwa miezi. Muda unaotajwa sana ni miezi sita hadi kumi na miwili. Mtoto mwenye uvimbe mdogo wa taya, ambao usaha wake umetolewa vizuri, anaweza kumaliza mapema zaidi, lakini hilo huamuliwa na daktari kwa kumpima, si kwa kuangalia kama shavu limerudi sawa. Dozi hupigwa hesabu kwa uzito wa mtoto. Usikopi ya mtoto wa jirani.

Umeona? Ni dawa ileile ya kemisti. Iliyokuwa imekosekana ni jina sahihi la ugonjwa, dozi sahihi na muda.

Mtoto akiwa na mzio wa penisilini, mseme mapema. Kuna mbadala, kama klindamaisini na dawa za kundi la erithromaisini. Doksisaiklini pia inafanya kazi, ila kwa mtoto wa chini ya miaka minane madaktari huikwepa kwa matibabu marefu kwa sababu inaweza kuacha madoa kwenye meno yanayokua.

Kuna dawa moja ambayo lazima niitaje kwa sababu kila nyumba Kenya inaijua: metronidazoli, ambayo wengi tunaiita Flagyl. Tumezoea kwamba usaha wa jino ni amoksilini na Flagyl, na kwa jipu la jino ina kazi yake kweli. Lakini huyu bakteria wetu, ingawa hapendi oksijeni kama wale ambao Flagyl huwaua, yeye haimgusi. Mtoto akipewa Flagyl peke yake atameza vidonge vichungu na uvimbe utabaki.

Upasuaji huhitajika wakati mwingine: kutoa usaha, kusafisha nyama iliyokufa, kufungua matundu, ama kung'oa jino lililoanzisha yote. Jino hilo likiachwa mahali pake, mlango uko wazi. Lakini upasuaji hauchukui nafasi ya dawa. Unaisaidia kufika.

Wakigunduliwa na kutibiwa inavyofaa, watoto wengi hupona kabisa. Wale wenye ugonjwa uliofika ubongoni ama ulioenea mwilini ndio walio kwenye hatari kubwa zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutochelewa.

Miezi sita kwenye nyumba ya kawaida

Kwenye karatasi, miezi sita ni neno tu. Nyumbani ni mtoto anayetema dawa asubuhi, ni shule inayofungua na kufunga, ni mama anayeenda kazi saa kumi na moja alfajiri. Na karibu mwezi wa pili shavu litakuwa fiti kabisa. Hapo ndipo watu huacha, na hapo ndipo ugonjwa unapata nafasi ya kurudi.

Wewe uliye mjini una kazi hapo. Badala ya kutuma pesa ya dharura kila mara, panga bajeti ya dawa ya mwezi kama unavyopanga rent. Mwekee mzazi kengele kwenye simu, asubuhi na jioni. Muulize mwenye duka la dawa kuhusu ile ya maji, kwa sababu ikishachanganywa haikai muda mrefu. Soma lebo, msinunue chupa nyingi na kuzichanganya zote siku moja. Mtoto akiharisha, ongea na daktari kabla ya kusimamisha. Akitokwa na vipele, msimpe dozi nyingine kabla ya kuzungumza naye. Akifura midomo ama akikosa pumzi, ni dharura, kimbia hospitali.

Na kila siku ya kliniki ifuatwe, hata kama mtoto anaonekana mzima. Daktari anataka kugusa lile donge, wakati mwingine kurudia picha, ndipo aseme basi.

Anzia kwa mswaki

Huwezi kuwafukuza bakteria hawa mdomoni, na hakuna haja. Unachoweza ni kuwafungia njia. Kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anatosheka na dawa ya ukubwa wa punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kama mbegu ya njegere. Peremende na soda zisiwe za kila siku. Jino likianza kutoboka lizibwe likiwa bado tundu, kwa sababu usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ile dhana kwamba meno ya utotoni hayana maana kwa kuwa yatang'oka, tuiache. Usaha wa jino la utotoni unaingia kwenye taya lilelile.

Mtoto aking'olewa jino ama akiumia taya, endelea kumwangalia kwa wiki kadhaa. Uvimbe mgumu ukianza, mwambie daktari kuhusu lile jino hata kama ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Yeye hawezi kujua msipomwambia.

Ya kuuliza ukiwa hospitali

Daktari akimwona mtoto mwenye uvimbe uliorudi, si kiburi kuuliza maswali. Uliza kama inawezekana kuchukua sampuli kabla ya kuanza antibiotiki nyingine. Akiwa na hali mbaya, dawa haitasubiri, na hilo ni sawa. Uliza kama sampuli itaenda pande mbili, patholojia na kuotesha. Uliza kama TB na saratani zimeangaliwa. Uliza kama maabara imeambiwa isubiri wiki mbili au tatu. Na umwandikie orodha ya kila dawa ambayo mtoto amemeza miezi hii, pamoja na zile za kemisti ambazo mnaona aibu kuzitaja. Ukikosa majina, piga picha za pakiti.

Kama hospitali iliyo karibu haina uwezo huo, omba barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa ya kaunti ama ya kitaifa yenye daktari wa watoto na maabara kamili. Nauli ya safari moja hiyo inaweza kuwa ndogo kuliko jumla ya zile mia tano.

Na uvimbe ukipotea mwezi wa pili, furahini, mpigeni mtoto picha akicheka, iwekeni kwenye grupu ya familia. Halafu mpeni dawa yake ya jioni.